Mbao Tatu za Nyumba ya Mama

Nyumba ya Mama, iliyoko Chumbageni hapa Tanga, ina mbao za aina tatu, na yote yaliyotupata masika yale yalianzia hapo. Fremu za milango ni za mvule, zilizong'olewa kwenye nyumba ya Babu ilipobomolewa. Milango yenyewe ni ya mninga kutoka Tabora, aliyoinunua marehemu Baba mmoja baada ya mwingine kadiri fedha ilivyopatikana. Dari la sebuleni, skatingi na pelimeti za mapazia ni paini ya Shume, Lushoto, kwa kuwa ndiyo aliyoimudu Mama alipobaki peke yake kumalizia nyumba. Miaka yote hiyo milango na dari zilikaa kavu, bila rangi wala vanishi. Fremu tu ndizo zilizokuja na vanishi yake ya zamani, iliyokwisha kupasukapasuka.

Mdogo wangu alipochumbiwa, na siku ya wakwe kuja kutoka Pangani kuleta mahari ikawekwa, Mama alisimama katikati ya sebule, akatazama juu, akatazama chini, akasema: "Hapa haingii mgeni mpaka mbao zote ziwe rangi moja." Rangi aliyoitaka ni ya mninga.

Nyumba nyingi husema hivyo, na wengi wetu hudhani ni suala la kununua kopo moja lenye picha nzuri na kulipaka kila mahali. Lakini mninga una rangi yake tayari, kahawia yenye wekundu ndani. Paini ni nyeupe inayoelekea umanjano. Mvule huanza na manjano ya dhahabu, kisha mwanga na umri vikaupeleka kwenye kahawia. Ukizipaka zote tatu kwa kopo lilelile utapata rangi tatu, kwa sababu vanishi na rangi ya mbao haziufuniki mti kama rangi ya ukutani inavyofunika plasta. Mti unaonekana chini yake na unachangia rangi ya mwisho, tena kila mti hunywa kwa namna yake.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu, mwepesi wa mikono. Alipewa malipo ya awali, akaahidi kumaliza kabla ya Ijumaa. Alianza na skatingi. Alizipiga msasa namba 60, akiukata uelekeo wa nyuzi za mbao, maana ukikata nyuzi mbao huliwa upesi. Vumbi likafagiliwa kwa ufagio wa chelewa. Papo hapo akachovya brashi kwenye rangi, akapaka skatingi yote ya ukuta wa upande wa dirishani.

Haikuchukua muda tukaona. Nilipiga magoti kuangalia kwa karibu. Ile mistari laini ya paini, ambayo kabla ya kupakwa ndiyo myeupe zaidi, sasa ndiyo iliyokuwa myeusi. Na ile migumu, ambayo ndiyo huwa na rangi ya asali, imebaki imepauka. Sura ya mbao ilikuwa imegeuka kinyume. Kuzunguka kila kifundo kulikuwa na doa pana la kahawia, na katikati kifundo chenyewe kiking'aa bila kushika rangi kabisa. Juu ya hayo yote, mikwaruzo ya ule msasa wa 60 ilijaa rangi ikatokeza kama nyuzi nyeusi zilizopita mkingamo, moja baada ya nyingine, kutoka pembeni hadi mlangoni.

Hakuna uchawi hapo. Katika pete moja ya mwaka paini ina sehemu mbili: ile iliyokua haraka, laini na yenye matundu, na ile iliyokua taratibu, ngumu na iliyobana. Ya kwanza hunywa rangi mpaka ishibe. Ya pili hukataa. Kifundo kimejaa utomvu, hakipokei. Na kila mkwaruzo ni mfereji mdogo wa rangi kutuama. Mbao ikishakunywa namna hiyo, kuongeza mkono wa pili kunaongeza tofauti, hakuisawazishi. Kijana alisema tuongeze mkono wa pili.

"Mwanangu," Mama alimwambia, "hebu acha kwanza hizo. Nenda kwenye milango."

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na jioni ilipoanza manyunyu upya, kijana alikuwa anapulizia laka ile inayochanganywa na thina, inayokauka kwa dakika. Milango mitatu ya mninga ilikuwa imekwisha kupulizwa ilipoingia ukungu. Sina neno jingine: weupe kama mvuke ulitanda ndani ya laka, juu ya mninga ambao saa moja kabla ulikuwa unapendeza bila msaada wa mtu yeyote. Thina inapoyeyuka haraka huupoza uso wa mbao, na hewa ya pwani wakati wa masika imejaa unyevu. Unyevu ule hutua kwenye ubaridi huo na kunaswa ndani ya laka kabla haijakauka. Mafundi wa bara, kwenye hewa kavu, wanaweza wasikutane na jambo hili kwa miaka. Tanga, Mombasa na Unguja lazima lipangiwe.

Kwenye fremu za mvule mambo yalikuwa mabaya zaidi. Laka ilipuliziwa moja kwa moja juu ya vanishi ya zamani ya mafuta. Thina ikaila ile ya chini, ikaivimbisha, na uso wote ukakunjamana toka kizingiti cha juu hadi sakafuni. Mama alipitisha kidole, akakiangalia, hakusema kitu. Kijana akaomba ruhusa ya kwenda kununua thina nyingine, na simu yake haikupatikana tena.

Usiku ule tulikaa kimya mezani. Wakwe walikuwa wanakuja Jumapili.

Aliyetuokoa ni mzee seremala wa mtaa wa nyuma, mtu ambaye siku zote nilimjua kwa kutengeneza vitanda na makabati. Mama alimwendea mwenyewe asubuhi. Alikuja akapokea shikamoo zetu, akazunguka nyumba yote mikono ikiwa nyuma, kisha akaomba vitu viwili: tochi, na vipande vya mbao vilivyobaki wakati wa ujenzi. Tochi aliilaza ukutani ili mwanga upite sambamba na mbao, na kila mkwaruzo ukajionyesha kwa kivuli chake. Vipande alivipata stoo: paini ileile ya dari, mninga uleule, na kimoja cha mvule.

Kisha akasema kitu ambacho hakuna aliyetaka kukisikia. "Mama, kazi hii Jumapili haiishi. Naweza kuifanya ionekane imeisha. Watu wataingia, vanishi itakuwa mbichi, kanga za wageni zitanata mlangoni, na mwezi ujao utaniita tena."

Kuahirisha siku ya mahari si jambo dogo. Watu huanza kuulizana kama binti amebadili mawazo, kama kuna maneno. Mama alifikiri muda mrefu, kisha akamtuma shangazi Pangani kwa mdomo wake, si kwa simu, na mkate wa kumimina mkononi, akaeleze ukweli ulivyo: nyumba inatengenezwa, fundi ametuangusha, tunaomba majuma machache. Wakwe waliuliza tu, mbao gani? Baba mkwe naye alikuwa seremala wa majahazi ujanani. Tangu hapo alipiga simu mara kwa mara kuuliza hali ya fremu.

Mzee hakugusa nyumba mwanzoni. Alikaa barazani na vile vipande. Paini aliipiga msasa 120, kisha 150, kisha 180, kila mara akifuata nyuzi, na akaishia hapo. Alisema ukiilainisha mno mbao inafunga matundu na rangi haishiki. Akaipangusa kwa kitambaa chenye maji, akaiacha ikauke, na vinyweleo vya mbao vikasimama kama alivyotaka, akaviondoa kwa mkono mmoja mwepesi wa msasa. Halafu ndipo akaja kwenye siri ya paini. Kabla ya rangi, alipaka sila iliyopunguzwa sana kwa thina: kipande kimoja sila moja kwa thina tatu, kingine moja kwa nne, kingine moja kwa tano. Sila hiyo nyepesi huingia kwenye zile sehemu laini zenye kiu na kuzishibisha nusu, ili rangi ikija ikute mbao yote ina kiu inayokaribiana. Ikiwa nzito mno, rangi haishiki popote. Ikiwa nyepesi mno, madoa yanarudi. Kwa paini yetu ya Shume, moja kwa nne ndiyo iliyokubali. Kwa paini ya kwako huenda ikawa nyingine, na ndiyo maana ya vipande.

Rangi aliichanganya mwenyewe, ya mafuta, yenye mafuta ya linsidi ndani. Aliipaka kwa tambara, akasubiri kidogo, akaifuta kwa tambara safi akifuata nyuzi. Kinachobaki ndani ya mbao ndicho rangi. Kinachobaki juu ni uchafu utakaozuia vanishi kushika. Kila kipande alikigawa kwa penseli sehemu nne: mbao tupu, rangi peke yake, rangi na sila, rangi na sila na vanishi zote. Nyuma akaandika vipimo. Ile sehemu ya nne ndiyo pekee yenye maana, kwa sababu vanishi huiongezea rangi kina na wekundu, na mtu anayechagua kwa kuangalia rangi iliyokauka bila vanishi anachagua kitu ambacho hatakiona tena.

Tulivipeleka vipande sebuleni, tukaviegemeza kwenye mlango wa mninga. Mchana Mama alichagua kimoja. Jioni, taa nyeupe ya mrija ilipowashwa, kile kile kilionekana kijani kibichi kwa mbali, na kingine alichokikataa ndicho kilichofanana na mlango. Tukavirudisha asubuhi, tukavitazama tena dirishani. Hatimaye tulichukua cha katikati, na taa ya mrija ikabadilishwa kwa balbu ya njano. Mzee alimwambia Mama waziwazi kwamba mninga wenyewe haupakwi rangi. "Huo ndio rangi tunayoitafuta. Ukiupaka, tutafuata nini?" Nakubaliana naye kwa moyo wote. Nimeona milango ya mninga mjini humu iliyopakwa rangi ya mahogani mpaka nyuzi hazionekani, na ni hasara ya mti mzuri.

Kazi ya kurekebisha ilikula muda kuliko kazi ya kupaka. Skatingi zilibanduliwa zikapigwa randa mpaka rangi ikaisha. Fremu za mvule zilikwanguliwa kwa vipande vya kioo, kama mafundi wa zamani wanavyofanya, kwa sababu kioo kilichopasuka vizuri hunyanyua vanishi bila kuujeruhi mti. Vumbi la mvule linawasha pua na koo, kwa hiyo Bibi, mwenye pumu, alihamishiwa chumba cha uani na sote tukafunga vitambaa. Mvule pia una mafuta na kemikali zake za asili ambazo huweza kuichelewesha vanishi ya mafuta isikauke. Mzee aliupangusa kwa thina, na mara thina ilipokauka, akapaka shelaki iliyoyeyushwa kwa spiriti kama ukuta kati ya mti na vanishi. Shelaki hutokana na wadudu wadogo wa India na Thailand, na inashikana na karibu kila kitu, chini na juu yake.

Ile milango yenye ukungu aliisubirisha. Siku moja jua lilipotoka la kweli, akapulizia thina ya kuchelewesha, nyepesi, kwa mbali. Laka ikalainika, unyevu ukapata njia ya kutoka, na weupe ukayeyuka mbele ya macho yetu kwenye milango miwili. Wa tatu ulikataa, ukakwanguliwa wote.

Dari lilikuwa gumu kwa sababu halibanduki. Kila ubao ulipakwa kutoka ukuta hadi ukuta bila kusimama, maana ukipumzika katikati, pale rangi mbichi inapokutana na iliyokauka kunabaki mstari mweusi usiofutika. Mzee alihangaika na kitu ambacho mimi nisingekifikiria: kwa brashi nyembamba aliingiza rangi ndani ya kila kiungo cha ubao na ubao. Masika mbao zimevimba; kaskazi ikija zinasinyaa, na ulimi uliokuwa umejificha hutokeza ukiwa mweupe. Mwezi wa kwanza uliofuata tulihesabu mistari michache tu, kule pembeni ambako brashi haikufika.

Lililobaki ni lile la matambara, nami nalieleza kwa uzito wake. Jioni ya siku ya dari, mpwa wangu, mtoto mtiifu aliyekuwa anatusaidia tangu asubuhi, aliyakusanya matambara yote ya rangi, akayakunja vizuri, akayashindilia kwenye ndoo ya plastiki na kuiweka nyuma ya jiko, kando ya magunia ya mkaa. Hakuna kiberiti kilichowashwa. Baada ya isha Bibi, kutoka chumba kile cha uani, aliita: "Nani anaunguza ufuta?" Hakuna aliyekuwa anapika. Nilipofika, moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye ndoo, na upande mmoja wa plastiki ulikuwa umelainika ukainama. Nilipolichambua lundo kwa fimbo, tambara la katikati lilikuwa limeungua jeusi, na hewa ilipoingia likaonyesha wekundu. Mdogo wangu akaja na beseni la maji, akazamisha yote.

Mafuta ya linsidi hayakauki kwa kupoteza maji kama nguo kwenye kamba. Hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na kitendo hicho hutoa joto. Tambara likitandazwa, joto linapotea. Likikunjwa na kushindiliwa pamoja na mengine, joto halina pa kwenda, linapanda, na baada ya saa kadhaa linajiwasha lenyewe. Kama Bibi angekuwa amelala, mkaa ungeshika, na jiko la makuti lingefuata. Mzee aliposikia kesho yake alikaa chini kwenye ngazi, akashika kichwa. Tangu siku ile matambara yote yalitandazwa moja moja kwenye ukuta wa uani mpaka yakawa magumu kama karatasi, ndipo yakatupwa. Na jiko lilizimwa kila laka au thina ilipofunguliwa ndani, maana mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ukakuta moto.

Vanishi yenyewe ilikwenda kwa utulivu. Kwenye mlango uliokwanguliwa, fremu na dari Mzee alitumia vanishi ya mafuta, ya brashi, kwa kuwa haiogopi unyevu kama laka, ingawa ilihitaji kulala usiku mzima kabla ya mkono unaofuata. Kopo hakulitikisa, alilikoroga taratibu mpaka chini: ukitikisa unaingiza mapovu yatakayokauka mlangoni, na usipokoroga, ule unga unaofifisha mng'ao unabaki chini, kopo moja likatoa mbao zinazong'aa na zisizong'aa. Alianza kazi umande ulipokwisha na kuacha alasiri. Mkono wa kwanza ulipunguzwa kwa tapentaini ili uingie; ya baadaye ilikuwa mizito, na kati ya mkono na mkono ulipita msasa 320 na kitambaa chenye unyevu. Brashi aliichovya theluthi tu, akamalizia kila ubao kwa mpigo mmoja mrefu wa ncha. Mama alitaka mng'ao mkali kila mahali. Walikubaliana milango ing'ae, dari liwe na nusu mng'ao, kwa kuwa mng'ao mkali juu ya dari unaonyesha kila bonde na kila msumari.

Wakwe walikuja. Baba mkwe alivua viatu, akasalimia, na kabla hajakaa alipitisha kiganja chake juu ya fremu ya mlango wa sebule, kutoka juu kuja chini, akauliza, "Mvule huu mmeukausha na nini?" Mzee alikuwa amealikwa, akasogea, na wawili wale wakazungumza mpaka chakula kikapoa.

Vipande vya majaribio bado viko stoo, vimefungwa kwa kamba, vipimo vimeandikwa nyuma, kwa sababu siku moja ubao mmoja utabadilishwa na rangi ya dukani haitakuwa ileile. Basi nawe, unayejiandaa kuita fundi wa mbao nyumbani kwako: mpe kipande cha mbao ileile iliyoko ukutani, akurudishie kikiwa na rangi, sila na vanishi zote, ukitazame mchana na usiku katika chumba hichohicho. Asiyekuwa na muda wa kipande hicho, usimpe malipo ya awali. Na matambara yake, kabla hajaondoka jioni, yatandaze kwa mkono wako mwenyewe.